Mlango wa Bluu

Kabla ya kufungua kopo lolote, fundi alizima taa. Ilikuwa tyubu ndefu nyeupe iliyoning'inia kwa nyaya mbili juu ya meza yake ya kazi, na ilipozimika gereji nzima ikabaki na mwanga wa asubuhi ulioingia kutoka uani. Kisha akamwita kijana wake. "Dogo, lile turubai livute. Lote." Turubai la bluu lililotandwa juu ya uwanja kukinga jua likavutwa hadi ukutani, likakunjwa. Fundi akatazama angani, akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Ndipo akasogeza kigoda, akaketi mbele ya gari, akaliangalia kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

Gari lenyewe ni dogo, la kutoka Japani, bluu iliyokolea yenye mmeto wa lulu ndani yake. Limeishi Dar es Salaam miaka minane, na usiku na mchana linalala nje. Bajaji ililigonga ubavuni. Mlango wa mbele wa kushoto ukanyooshwa, ukapakwa puti, ukapigwa msasa, ukapuliziwa praima ya kijivu. Hiyo ilikuwa kazi ya nyundo na kelele, na ilimalizwa na mafundi wengine wa uwanja huohuo. Iliyobaki ni kazi ya kimya: mlango ule wa kijivu uwe bluu, na si bluu yoyote, bali bluu ya mlango wa nyuma na ya bodi la mbele, kiasi kwamba mtu akisimama hatua tatu asijue ulioumia ni upi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi nimechora ubaoni mche wa kioo, mstari mmoja wa mwanga mweupe ukiingia upande huu na rangi saba zikitoka upande ule, nyekundu juu, urujuani chini. Nilifika pale kwa sababu gari ni langu. Nilipomwona yule mzee akizima taa ili aone vizuri, nikamwamkia upya na kumwomba ruhusa ya kukaa. "Marahaba, mwalimu. Kaa. Ila usikae upande wa jua."

Kiswahili kina neno moja, rangi, kwa vitu viwili: kilichomo kwenye kopo na kinachoonekana na jicho. Dukani tunanunua rangi, ukutani tunapaka rangi, na jioni tunasifu rangi ya anga ambayo hakuna aliyeipaka. Majina yenyewe tumeyachuma kwenye vitu. Manjano ni ya jikoni, zambarau ni tunda, kahawia imetoka kwenye kahawa, kijani kwenye jani, kijivu kwenye jivu, na ile nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi tunaiita damu ya mzee. Kila jina limeshikilia kitu, kana kwamba rangi inakaa ndani ya kitu kama tui linavyokaa ndani ya nazi. Kwa siku tatu nilimtazama mtu ambaye kila tendo la mikono yake linasema vingine. Rangi haikai kwenye kopo. Hutokea. Inataka jua, inataka kitu cha kuangukiwa na jua hilo, na inataka jicho. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo vitatu, rangi nayo imebadilika, hata kama kopo hujaligusa.

Alianza na kibati. Magari ya Toyota yana kibati kidogo cha chuma, ama chini ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango, na baada ya herufi C/TR zinafuata alama za rangi. Za kawaida anazo kichwani: 040 nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 fedha. Hii ya bluu aliisoma mara mbili, akaiandika kwenye daftari, akamtuma kijana dukani, na kopo likarudi limechanganywa kwa gramu kufuata fomula ya namba ile. Nilidhani kazi imekwisha. Kwake ilikuwa ndiyo inaanza, kwa sababu namba inaeleza gari lilivyotoka kiwandani, si lilivyo leo.

Akafungua kifuniko cha tangi la mafuta. Ndani yake, pale ambapo jua halifiki, kulikuwa na duara la bluu tofauti kidogo na ya nje, bluu iliyoshiba. Akachukua kitambaa na dawa ya kung'arishia, akasugua sehemu ya ukubwa wa kiganja kwenye boneti, nyingine kwenye mlango wa nyuma, mpaka vumbi na ukungu wa miaka vikatoka. Akagusa ndani ya kifuniko: "Hii ni sura iliyozaliwa nayo." Akagusa mlango wa nyuma: "Hii ndiyo iliyo nayo. Mlango utakaa na ndugu zake wa leo, hautakaa na wa zamani."

Kilicholipausha gari lile ni mwanga usioonekana. Mwanga ni mawimbi, na urefu wa wimbi lake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Jicho la binadamu hupokea kuanzia nanomita 380 hivi hadi 750 hivi. Mawimbi ya karibu 700 tunayaona mekundu, ya 580 manjano, ya 530 kijani, ya 450 bluu. Ukipanga mawimbi mekundu 100 moja baada ya jingine, utapata upana wa unywele mmoja. Chini ya 400 inaanza mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliijui lakini molekuli za rangi zinaijua vizuri: ina nishati ya kutosha kuzivunja. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda hadi utosini, na gari linalolala nje linakula mionzi hiyo mwaka mzima.

Mezani palikuwa na vikopo kumi na kitu, kila kimoja na kijiti chake, na mizani ndogo inayosoma hadi sehemu moja ya kumi ya gramu. Aliniachia nivifungue na kuvinusa na kuvitazama. Nyeusi yake ni masizi, kaboni tupu, inayomeza karibu mawimbi yote. Nyeupe ni oksidi ya titani, haimezi karibu chochote, na punje zake zimesagwa hadi nanomita 200 au 300, karibu nusu ya wimbi la mwanga, kwa sababu ukubwa huo ndio unaotawanya mwanga kwa nguvu kuliko wowote. Nyekundu ya udongo ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu na wa vumbi la barabara zetu. Bluu alikuwa nazo mbili, moja inaelekea kijani, nyingine inaelekea zambarau. Hizo zilinishangaza zaidi. Molekuli ni ileile, yenye chembe moja ya shaba katikati; kinachotofautiana ni namna molekuli hizo zilivyojipanga ndani ya fuwele. Mpangilio tu, na macho yanapata bluu mbili.

Rangi ya kopo kazi yake ni kula. Bluu ile inakula mawimbi marefu, mekundu na ya chungwa, na kinachonusurika ndicho kinachoturudia. Manjano inakula mafupi. Ukizichanganya, moja inakula mwisho huu, nyingine mwisho ule, na kijani kilicho katikati ndicho kinachotoka salama. Kwa hiyo kila unachoongeza kwenye kopo kinaongeza mlaji, na mwanga unazidi kupungua. Fundi hakulisema kwa maneno hayo. Alisema, "Rangi ni kama chumvi. Ukishatia, hutoi." Na mkono wake uliishi kufuata neno hilo. Alichovya kijiti kwenye kikopo, akakiinua, akangoja matone yadondoke yenyewe, akahesabu: moja, mbili. Akarudisha kijiti. Akakoroga taratibu akikwangua chini ya kopo, maana vipande vya lulu ni vizito na hujificha chini, na aliyekoroga nusu amechanganya nusu.

Hakuna anayepima rangi mbichi. Kila mchanganyiko aliupuliza kwenye kipande cha bati cha ukubwa wa kiganja, kilichopakwa praima ileile ya mlangoni na kuchorwa mstari mweusi katikati. Akapuliza tabaka, akangoja likauke, akapuliza jingine, mpaka mstari mweusi ukapotea kabisa; kama mstari bado unaonekana, basi kinachoonekana si rangi peke yake, ni rangi na weusi ulio chini yake. Kisha vanishi juu, kwa sababu vanishi huifanya rangi izame, iwe nzito. Kisha kungoja tena. Nilihesabu: kila kipande kilichukua karibu dakika 40, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kukaa na kungoja.

Kipande cha kwanza kilipokauka alikipeleka uani, akakibandika kwenye mlango wa nyuma, kikagusana kabisa na ile sehemu aliyoisugua. Akatazama kwa mbele. Akainama, akatazama kwa ubavu. Akasimama, akatazama kwa juu. Mara tatu, na kila mara hazikuzidi sekunde tano; kisha macho akayateremsha kwenye sakafu ya saruji, akaiangalia kwa utulivu kana kwamba kuna kitu alichodondosha. Nikamuuliza anatafuta nini. "Napumzisha. Ukiikazia bluu, inakudanganya."

Ni kweli, na sababu yake iko nyuma ya jicho. Kwenye retina kuna seli za koni za aina tatu. Moja hupokea zaidi mawimbi mafupi ya karibu 420, ya pili ya karibu 530, ya tatu ya karibu 560. Ukikodolea bluu kwa muda, zile za mawimbi mafupi huchoka, na chochote utakachotazama baadaye kitaegemea manjano kwa muda. Nilijaribu palepale: nikaukodolea mlango kwa nusu dakika, nikahamishia macho kwenye ukuta mweupe, na ukutani nikaona kivuli cha mlango, kimanjano, kikielea na kufifia. Sakafu ya saruji haina upendeleo. Fundi aliichagua kwa uzoefu wa zaidi ya miaka 30, akiwa hajawahi kusoma popote habari za koni.

Alipochukua kipande cha pili, akasita. "Mwalimu, sogea kidogo. Shati lako linaingia mlangoni." Nilivaa shati jekundu. Nikarudi nyuma hatua mbili, na kwa macho yangu nikaona ubavu wa gari ukipoa, wekundu hafifu ukiondoka juu ya bluu kama pumzi inavyoondoka kwenye kioo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini turubai lilivutwa, na kwa nini yeye na kijana wake huvaa ovaroli za kijivu.

Cha kwanza kilikuwa kijani mno. Cha pili kilikuwa giza. Cha tatu kwa mbele kilikubali, kwa ubavu kikawa na maziwa. Alikuwa ametia tone la nyeupe, na nyeupe kwenye rangi ya lulu humulika ubavu huku ikiua mng'ao wa mbele. Hakujaribu kukitibu. Alimwaga mchanganyiko wake, akapima upya kutoka kopo mama. Cha nne, cha tano. Kila kimoja aliandika nyuma yake kwa msumari: matone mangapi, ya nini. Kufika saa saba mchana vipande vitano vilikuwa vimepangwa kwenye ukingo wa meza, na kwangu mimi vyote vilikuwa bluu moja.

Cha sita kilipotea. Ndivyo wanavyosema pale: rangi ikilingana, kipande kinapotea. Alikibandika mlangoni na ukingo wake ukawa mstari mwembamba tu, pande zote mbili bluu ileile, kwa mbele, kwa ubavu, kwa juu. Nilifurahi kwa sauti. Fundi hakusema kitu. Alibeba kipande, akaniashiria tusukume gari hadi ndani, chini ya paa, akamwambia kijana, "Sasa washa."

Tyubu ikawaka, na mbele ya macho yetu kipande kikajitenga na mlango. Mlango ulibaki bluu. Kipande kikaegemea zambarau, kidogo tu, lakini mtu yeyote angekiona. Hakuna aliyekigusa. Rangi iliyokuwa moja uani ilikuwa mbili ndani.

Hilo ndilo jambo ambalo mche wa kioo wa ubaoni haukunifundisha kulieleza, nami nilikaa nalo mchana kutwa. Isaac Newton, kwa maelezo yake mwenyewe, alianza majaribio ya mche mwaka 1666. Alipitisha mwale wa jua kwenye tundu la dirisha, akautawanya, kisha akachukua rangi moja peke yake na kuipitisha kwenye mche wa pili. Haikubadilika. Kwa hiyo kioo hakikuwa kinatia rangi. Kilikuwa kinatenganisha kilichokuwamo. Alipochapisha kitabu chake cha Opticks mwaka 1704 alikuwa mwangalifu kusema kwamba miale yenyewe haina rangi, ina uwezo tu wa kuamsha ndani yetu hisia ya rangi hii au ile. Hapo ndipo penye ufunguo. Mwanga unaotoka kwenye mlango ni orodha ndefu: kiasi hiki cha nanomita 450, kiasi hiki cha 451, na kuendelea hadi mwisho. Jicho haliisomi orodha. Jicho lina mashahidi watatu tu, na kila mmoja hutoa hesabu moja: nimesisimka kiasi hiki. Orodha mbili tofauti kabisa zinaweza kuwapa mashahidi hao hesabu zilezile tatu, na hapo sisi tutaapa kwamba rangi ni moja.

Sikio halifanyi hivyo. Kwenye taarabu unasikia ganuni na unasikia fidla, na vikipigwa pamoja bado unajua viko viwili. Jicho likipewa nyekundu na kijani kwa pamoja halioni viwili, linaona manjano. Manjano yote ya skrini ya simu yako ni ya namna hiyo. Nanomita 580 karibu haimo, na jicho halidai.

Uani, chini ya jua lenye mawimbi yote, mlango na kipande cha sita vilitoa orodha mbili tofauti zenye hesabu moja. Tyubu haina mawimbi yote kwa usawa. Ina vilele vichache vikali, cha bluu karibu na 436, cha kijani karibu na 546, chekundu karibu na 611, na katikati yake mabonde. Vilele hivyo vikaangukia pale ambapo orodha mbili zilitofautiana, na hesabu zikaachana. Fundi alijua kosa liko wapi. Ili kuvuta rangi isiwe kijani alikuwa ametia matone ya zambarau, ambayo kiwanda hakikutumia. "Nimepita njia ya mkato," alisema, bila kukasirika. Akamwaga mchanganyiko wa sita kama alivyomwaga wa tatu, akarudi kwenye kopo mama, na safari hii akasogeza rangi kwa kutumia ile bluu yake ya pili, ndugu wa bluu iliyokuwamo tayari. Mlaji awe yuleyule, chakula kiwe kilekile, basi chini ya taa yoyote watashiba sawa. Hayo ni maneno yangu. Yeye alisema tu, "Gari haliendeshwi mchana peke yake."

Wakati vipande vikikauka nilimweleza habari za watu 17. Kuwa na aina tatu za vipokezi ni dhana ya Thomas Young, daktari wa London, mwanzoni mwa karne ya 19, na James Clerk Maxwell aliijenga kwa vipimo, hata mwaka 1861 akaonyesha picha ya rangi iliyotokana na picha tatu, moja kwa nyekundu, moja kwa kijani, moja kwa bluu. Lakini vipimo vilivyoweka msingi wa upimaji wa rangi vilitoka katika miaka ya 1920 huko Uingereza, kwa W. D. Wright na John Guild. Watazamaji 10 kwa mmoja, 7 kwa mwingine. Kila mmoja alikaa gizani akitazama duara dogo lililogawanywa nusu: upande mmoja mwanga wa wimbi moja, upande wa pili mchanganyiko wa taa tatu anazozipandisha na kuzishusha mwenyewe mpaka mstari wa katikati upotee. Kisha wimbi linalofuata. Kisha linalofuata. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza ikakusanya macho ya watu hao 17 kuwa jicho moja la mfano, na vipimo vya rangi duniani vikasimama juu yake. Fundi alisikiliza hadi mwisho akifuta kijiti. "Mpaka mstari upotee," alirudia. "Kumbe ni kazi hiihii."

Saa kumi na moja jioni alikuwa kwenye kipande cha tisa. Kilifanana, nikasema. Akafunika makopo. Jua lilikuwa limeshuka juu ya mapaa ya Ilala na ukuta mweupe umegeuka rangi ya embe. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi kabla ya kutufikia, na hewa hutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu. Nanomita 400 hutawanywa zaidi ya mara 9 kuliko 700. Bluu inabaki njiani, nyekundu inafika. Kuchagua bluu saa hizo ni kuuliza habari kwa shahidi ambaye hayupo. Akaning'iniza kipande msumarini. "Kesho saa tatu kitasema."

Kesho yake saa tatu kilisema. Uani kikapotea, chini ya tyubu kikapotea, chini ya taa ya simu ya kijana kikapotea. Tisa, na matone mawili ya nyeusi yaliyomaliza shauri.

Upakaji wenyewe ulikuwa mfupi ukilinganisha na maandalizi. Magazeti na utepe wa karatasi kwenye vioo na matairi. Msasa laini wa maji kwenye praima. Kitambaa chenye unata kupitishwa mlangoni kuokota vumbi la mwisho. Maji yakamwagwa sakafuni ili vumbi lisiinuke. Kompresa ikanguruma, kisha ikanyamaza. Fundi akashika bunduki ya kupulizia, akaipima mlangoni kwa shibiri isiyotimia, akaanza. Mkono ulisafiri sambamba na mlango, kiwiko na bega vikitembea pamoja, kifundo hakipindi. Alifungua rangi kabla ya ukingo wa mlango na kuifunga baada ya kuuvuka, ili kusiwe na mahali mkono uliposita. Kila mpito ulifunika nusu ya uliotangulia. Na hakuishia kwenye mlango. Aliivusha rangi kidogo juu ya mlango wa nyuma na bodi la mbele, ikipungua na kupungua, mpaka mpya ikapotelea ndani ya ya zamani bila mpaka.

Nilimuuliza kwa nini kasi ya mkono haibadiliki hata kidogo. Alinionyesha sakafu. Kwenye dimbwi lililobaki la maji palikuwa na tone la oili, na limejitandaza kuwa utando wenye pete za zambarau, kijani na dhahabu. "Lulu ni hiyo," alisema.

Na ni hiyo hasa. Mmeto wa rangi ya lulu hautokani na mlaji yeyote. Ni vipande vya ulanga, vyembamba kuliko tunavyoweza kuona, vilivyofunikwa kwa utando wa oksidi ya titani wa nanomita makumi machache hadi mia na kitu. Mwanga ukigonga, sehemu hurudi kutoka juu ya utando, sehemu huingia, hurudi kutoka chini yake, na kutoka ikiwa imechelewa. Mawimbi ambayo kuchelewa huko kunayakutanisha kilele kwa kilele yanaongezeana nguvu. Yanayokutana kilele kwa bonde yanazimana. Utando wa nanomita 50 hivi hutoa lulu nyeupe. Ukipita 100 huingia kwenye bluu. Ndivyo oili inavyofanya juu ya maji, ndivyo na lulu ya chaza inavyofanya kwa matabaka yake. Hapo hakuna rangi iliyotiwa, kuna kuchelewa tu. Na kwa kuwa kuchelewa hutegemea pembe, vipande vile vinatakiwa vilale kama vilivyolala vya kiwandani. Rangi ikipulizwa mbichi mno vinazama na mlango unakuwa giza. Ikipulizwa kavu mno vinabaki juu na mlango unang'aa kupita ndugu zake. Kopo lilelile, fomula ileile, mikono miwili tofauti, bluu mbili. Kasi ya mkono ni sehemu ya rangi.

Alipuliza matabaka matatu, akingoja dakika kumi kati ya moja na jingine, kigoda kikiwa mahali palepale kilipokuwa jana yake. La mwisho alilipuliza kwa mbali, jepesi kama ukungu, ili lulu zitue sawasawa. Baada ya hapo vanishi, mara mbili, na bluu ambayo ilikuwa imefifia kama kitambaa kilichokauka ikafunguka mara moja na kuzama. Kijana aliacha alichokuwa akifanya, akaja kutazama. Amekaa pale miaka miwili na bado huja kutazama wakati huo.

Siku ya tatu walipiga msasa namba 2000 kwa maji, wakang'arisha, wakavua magazeti. Gari likasukumwa uani. Fundi alilizunguka polepole, akachuchumaa penye bampa ya nyuma, akafumba jicho moja na kutazama ubavu mzima kutoka chini, mlango kwa mlango. Akahamia upande wa mbele, akafanya vivyo hivyo. Mimi nilisimama hatua tatu, nikautafuta mlango wangu.

Yeye alikuwa ameshaingia ndani na kufungua daftari. Ni la shule, la mistari, ganda limeloa mafuta, na kila ukurasa una namba ya rangi, hesabu za matone, tarehe, na kando yake doa dogo la rangi yenyewe. Aliandika ya kwangu, akatoa "zambarau" aliyokuwa ameiandika siku ya kwanza kwa kuipiga mstari mmoja, akachovya kijiti kwenye kopo na kuacha doa pembeni ya tarehe. Kisha akalitoa daftari nje, akaliweka wazi juu ya kigoda, juani, mpaka doa likauke.